Orodha ya Wanaopata Ruzuku ya Mbolea Isomwe Mbele ya Kijiji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji wa kata na vijiji, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, mawakala wa pembejeo, maafisa ugani wenzangu, na ninyi wakulima ambao kwa ajili yenu sisi wengine wote tumepewa vyeo na mishahara, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie faida za ruzuku ya mbolea. Faida hizo zipo na sitazibeza, lakini mniruhusu nitumie muda mwingi zaidi kwenye swali ambalo katika vikao vyetu huulizwa nje, chini ya mwembe, baada ya mkutano kufungwa: ruzuku hii inamfikia nani hasa, na sisi tulioketi hapa tunajuaje kwamba imemfikia?

Nitaanza na jibu langu, ili msije mkalitafuta katikati ya maneno mengi. Naomba kila kijiji, kila msimu, kisomewe hadharani orodha ya waliosajiliwa kupata ruzuku, ekari walizoandikisha na mifuko waliyopewa haki ya kununua. Na msimu ukiisha kisomewe tena orodha ya mifuko iliyochukuliwa kweli. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Nitakayosema kuanzia sasa ni sababu za ombi hilo.

Wazee waliomo humu wanakumbuka kwamba ruzuku si jambo jipya nchini Tanzania. Katika miaka ya 1970 na 1980 mbolea ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kupangwa, ikafika hata kwenye vijiji ambavyo gari lilipita mara moja kwa juma. Kisha yakaja mageuzi ya uchumi, na kati ya mwaka 1990 na 1995 ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa, na mkulima wa Nyanda za Juu Kusini aliyekuwa amezoea kuweka mbolea ya kupandia na ya kukuzia akarudi kuweka kiganja kimoja pale alipokuwa akiweka viwili, au akaacha kabisa. Msimu wa 2003/04 serikali ilirudi kwa kulipia sehemu ya gharama za usafirishaji. Halafu bei za chakula na mbolea zilipopanda duniani mwaka 2008 ndipo ukaja mpango ambao ninyi mnaujua kwa jina moja tu: vocha.

Mpango wa vocha ulipangwa kwa uangalifu, na nasema hivyo kwa heshima ya waliouandaa. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha za mbegu bora, mfuko wa mbolea ya kupandia na mfuko wa mbolea ya kukuzia, vya kutosha takriban ekari moja ya mahindi au mpunga, na vocha hizo zililipia karibu nusu ya gharama huku mkulima akiongeza nusu iliyobaki kutoka mfukoni mwake. Msaada ulikuwa wa misimu mitatu, kisha kaya ilitarajiwa kusimama yenyewe. Mkulima alitakiwa awe mkazi wa kijiji, alime mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, na kipaumbele kiwe kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wale ambao hawakuwa wametumia pembejeo za kisasa kwa miaka mingi. Wachaguzi walikuwa kamati ya vocha ya kijiji, wanawake watatu na wanaume watatu, na orodha yao ilipaswa kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Benki ya Dunia iliunga mkono kwa mkopo wa dola milioni 160, na katika msimu wa 2010/11 mpango ulifikia takriban kaya milioni mbili.

Karatasini, basi, hakuna kilichosahauliwa. Lakini utafiti uliofanyika katika vijiji vya mkoa wa Kilimanjaro katika siku za mwanzo za mpango huo, ukachapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Naomba tuitazame namba hiyo bila haraka. Kati ya kila vocha kumi, sita zilikwenda kwa kaya zenye kiongozi. Watafiti walikuta pia kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vilivyo mbali na barabara na katika vijiji ambavyo tofauti kati ya wenye nacho na wasio nacho ni kubwa, na kwamba pale vocha zilipokuwa nyingi, upendeleo ulipungua. Nami naongeza jambo la nne, ambalo naliona zito kuliko yote: vocha ilipomfikia mwenye uwezo, aliweza kuitumia kupunguza gharama ya mbolea ambayo angeinunua hata bila vocha. Maana yake ni kwamba serikali ililipa, mkulima huyo akaokoa fedha yake, na shambani haikuongezeka hata punje moja ya mbolea. Vocha ilipomfikia maskini, ndipo mbolea ilipoweza kuongezeka kweli.

Sasa msije mkadhani nimekuja hapa kuwaita viongozi wa vijiji wezi. Wengi wao si wezi, na baadhi yenu mlio mbele yangu mlikuwa kwenye kamati hizo mkafanya kazi bila posho. Ninachokisema ni kwamba mpango wenyewe uliwavuta. Taarifa ya vocha ilifika kwanza ofisini kwa mtendaji, na aliye karibu na ofisi ndiye aliyesikia kwanza. Mkulima alitakiwa awe na fedha ya kuongezea, na ni nani kijijini mwenye fedha mkononi mwezi Novemba, akiba ya mavuno ikiwa imekwisha na ada za shule zinakaribia? Kamati zilielekezwa pia kuchagua watu watakaokuwa mfano kwa wengine, na kila kijiji huwaona viongozi wake kuwa mfano. Ukiziweka sababu hizo pamoja, mtu mwaminifu kabisa anaweza kuandika orodha ambayo nusu yake ni majirani zake, wala asione kuwa ametenda kosa.

Wapo pia walioona kosa wakalitenda. Mnakumbuka vocha zilizouzwa: mjane asiyekuwa na fedha ya kuongezea alisaini, akapewa na wakala shilingi elfu chache, na wakala akaipeleka vocha benki kulipwa kama kwamba mbolea ilikuwa imetoka. Kwenye hesabu za taifa mama huyo alihesabiwa kuwa mnufaika. Shambani kwake alipanda mbegu ya ghalani kama mwaka uliotangulia. Mpango ulipofikia mwisho wake, madeni ya mawakala yakawa hoja ya kujirudia bungeni kwa miaka, serikali ikisema lazima ihakiki kwanza nani aligawa mbolea kweli na nani alikusanya saini tu. Mawakala waadilifu waliosubiri malipo hayo, wengine hadi wakafilisika, waliumizwa na jambo lile lile lililowaumiza wakulima: hapakuwa na orodha ambayo kijiji kizima kilikuwa kimeiona na kinaweza kuithibitisha.

Mwaka 2022 tuliingia zama nyingine. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mbolea hata mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukazidi shilingi 130,000. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya jijini Mbeya katika sherehe za Nanenane za mwaka huo, serikali ikatenga shilingi bilioni 150, na DAP ikashuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Hakukuwa na kamati ya kuchagua tena. Kila mkulima aliyejisajili kwenye daftari la kijiji, akaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali na kupewa namba, alikuwa na haki ya kununua kwa bei hiyo kulingana na ekari alizoandikisha. Matumizi ya mbolea nchini yalipanda kutoka takriban tani 360,000 msimu wa 2021/22 hadi takriban tani 580,000 msimu uliofuata. Hayo ni mafanikio makubwa, na mkulima aliyevuna gunia ishirini kwenye ekari iliyokuwa ikimpa nane hahitaji kuhubiriwa na mtu yeyote kuhusu faida ya ruzuku.

Lakini tusidhani kwamba kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa, basi kila mtu anapata sawa. Ruzuku ya sasa inalipwa kwa mfuko. Kwa bei za msimu ule wa kwanza, serikali ilimchangia mnunuzi wa DAP zaidi ya shilingi 60,000 katika kila mfuko. Mama mwenye ekari moja aliyenunua mfuko mmoja alichangiwa shilingi 60,000 hizo. Mwenye shamba la ekari mia aliyenunua mifuko mia alichangiwa zaidi ya shilingi milioni sita. Na yule ambaye hata shilingi 70,000 hakuwa nazo hakuchangiwa chochote, ingawa kodi iliyolipia punguzo hilo ilikatwa pia kwenye sukari yake na kwenye muda wake wa maongezi. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo na wala hakuna aliyeiba. Ni hesabu tu, na hesabu hiyo wananchi wana haki ya kuiona ikiwa imeandikwa kwa majina ya kijiji chao, ili wao wenyewe waseme kama ndivyo walivyotaka fedha yao itumike.

Niwaeleze jambo moja nililolishuhudia kwenye duka la wakala mmoja, katika msimu ambao foleni zilianza kabla ya jua kuchomoza. Mzee mmoja alikuwa ametoka kijiji cha mbali kwa bodaboda, namba yake ya mkulima ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha jalada la daftari la mtoto, na kipande hicho amekikunja ndani ya mfuko wa nailoni ili kisilowe. Kijana wa dukani aliingiza namba kwenye simu, akasubiri mtandao, akaingiza tena, kisha akamgeuzia mzee kioo cha simu: mifuko yake yote ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Mzee hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, imechukuliwa na nani. Kijana hakuwa na jibu, kwa sababu mfumo ulimwonyesha idadi na haukumwonyesha mtu, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na kitambulisho cha kazi kifuani sikuwa na jibu pia. Mzee alilipa bodaboda kurudi mikono mitupu.

Kama kijijini kwake kungekuwa na orodha ukutani, swali lake lingejibiwa kabla hajapanda bodaboda. Angeiona namba yake, angeiona mifuko iliyotolewa kwa namba hiyo na duka ilikotoka, na majirani zake wangeiona pamoja naye.

Kuna kundi jingine ambalo orodha pekee ndiyo inayoweza kulifichua, nalo ni la wanaolima bila kuandikwa. Katika kaya nyingi shamba limeandikishwa kwa jina la baba, hata kama baba yuko mjini miezi tisa na jembe linashikwa na mama. Ujumbe wa simu unakwenda kwa mwenye jina. Vivyo hivyo, anayelima shamba la kukodi mara nyingi hukuta mwenye shamba amekwisha kuliandikisha, kwa hiyo analima mmoja na ruzuku inachukua mwingine. Na ekari nazo huota zikiwa kwenye karatasi: tunawajua watu ambao kijiji kizima kinajua wana ekari tatu, lakini daftari linasema kumi na tano, na mifuko inayozidi huvushwa usiku kwenda kuuzwa kwa bei ya ulanguzi. Afisa wa wilaya hawezi kuligundua hilo akiwa ofisini kwake. Jirani aliyepakana na shamba hilo analigundua kwa kusikia jina na namba vikisomwa mara moja.

Nchi nyingine zimekwisha kulipitia jambo hili, na yapo ya kujifunza kwao. India ilianza mwaka 2019 kuwalipa wakulima wenye ardhi rupia 6,000 kwa mwaka kupitia benki, na mtu yeyote anaweza kufungua tovuti ya mpango huo, akachagua jimbo, wilaya na kijiji, akayaona majina ya wanaolipwa. Mpango ule una kasoro zake, hasa kwamba wanaolima ardhi ya kukodi wameachwa nje, na ilibainika baadaye kwamba waliolipwa ni pamoja na watu wanaolipa kodi ya mapato ambao hawakustahili, wakatakiwa kurudisha. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2024 walipatwa na balaa la mbolea bandia iliyouzwa ndani ya mpango wa ruzuku. Jambo lile lilikuwa aibu kubwa, lakini kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamesajiliwa, serikali iliweza kuahidi fidia kwa wakulima inaowajua.

Ulaya nako kulikuwa na mvutano unaotuhusu moja kwa moja, kwa sababu hoja iliyobishaniwa kule ndiyo nitakayoulizwa hapa: je, kutangaza majina si kuvunja faragha? Mwezi Novemba mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kutangaza jina la kila mkulima mmoja mmoja aliyepokea ruzuku, bila kutofautisha kiasi wala muda, kulivuka mipaka. Umoja wa Ulaya haukufuta uwazi kwa sababu hiyo. Uliandika upya kanuni, ukarudi kutangaza majina, ila ukayaficha ya wanaopokea kiasi kidogo kisichozidi takriban euro 1,250 kwa mwaka. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tunapaswa kuiheshimu. Kwa hiyo sisemi namba za simu zibandikwe ukutani, wala namba za vitambulisho, wala akaunti za benki. Jina, kitongoji, ekari, mifuko na duka vinatosha. Hayo ni mambo ambayo kijijini kila mtu anaweza kuyaona kwa macho yake akipita shambani, na yanahusu fedha ya umma, ambayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imetupa haki ya kuiuliza.

Hoja ya pili ninayoisikia, tena mara nyingi kutoka kwa viongozi wenye nia njema, ni kwamba kusoma majina kutaleta fitina kijijini. Naielewa hofu hiyo kwa sababu nimeishi vijijini maisha yangu yote ya kazi. Lakini ndugu zangu, fitina iko tayari. Iko kwenye minong'ono ya kilabuni, kwenye jina la mwenyekiti wa kitongoji linalotajwa kwa chini chini, na kwenye lawama anazobebeshwa wakala kwa jambo ambalo pengine hakulitenda. Tabia ya funika kombe mwanaharamu apite ndiyo inayomwacha kiongozi mwaminifu akitazamwa kwa jicho lile lile anatazamwalo mwizi. Orodha ikisomwa, atakayetetewa kwanza ni yeye.

Wala si jambo geni kwetu. Katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini, majina ya kaya yalipelekwa mbele ya mkutano wa kijiji ili wananchi wayathibitishe. Najua mtanikumbusha kwamba hata huko uhakiki wa baadaye uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, na ni kweli. Mkutano ulioitishwa kwa haraka, watu thelathini wamekaa juani na karani anasoma majina mia mbili kwa pumzi moja, hauthibitishi kitu. Ndiyo maana nimesema isomwe na pia ibandikwe, ikae ukutani juma zima au mawili, ili aliyekuwa msibani siku ya mkutano aione, na asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake akitoka shule.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mamlaka ya juu katika kijiji, na mikutano hiyo inapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hatuhitaji sheria mpya wala mradi mpya. Tunahitaji halmashauri ichapishe orodha kutoka kwenye mfumo, kijiji kwa kijiji, karatasi chache tu, na kumkabidhi mtendaji kwa saini. Mkutano wa kwanza ufanyike kabla ya mwezi Oktoba kwisha, mvua za huku zikiwa hazijaanza, ili makosa ya ekari na majina yaliyosahaulika yarekebishwe wakati bado kuna maana ya kurekebisha. Mbolea ya kupandia inayofika Januari ni mzigo wa kubeba tu. Mkutano wa pili ufanyike baada ya mbolea ya kukuzia kuwekwa, na hapo mawakala wenyewe wawepo, na taarifa zao za mauzo zilinganishwe na kauli za wakulima mbele ya watu.

Nina ombi la ziada, na hili najua si wote humu watakubaliana nami. Naona uwekwe ukomo wa mifuko ya ruzuku kwa kaya moja. Mkulima mkubwa simchukii. Analisha miji na anaajiri vijana wetu. Anunue mbolea kadiri anavyotaka, ila akishavuka ukomo, inayozidi ainunue kwa bei ya soko, na fedha itakayobaki ielekezwe kwa kaya ambazo hata mfuko mmoja wa bei ya ruzuku zinashindwa kuulipia kwa mkupuo, labda kwa kuziruhusu kulipa kidogo kidogo kupitia chama cha msingi tangu wakati wa mavuno. Ukomo uwe mifuko mingapi, hilo sitalipanga mimi. Lipangwe baada ya kuziona orodha, kwa sababu kwa sasa hakuna kati yetu, mimi nikiwa wa kwanza, anayeweza kusimama na kueleza katika kijiji chochote cha kata hii nani alichukua mingapi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda za kamati ya maendeleo ya kata kabla hatujatawanyika leo, na watendaji wa vijiji waliopo watutajie tarehe za mikutano yao. Niko tayari kuhudhuria nikialikwa, na kusaidia kusoma.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.